Israeli Akaketi Kitandani

Neno: Mwanzo 48:1-20

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kuna mstari katika sura hii niliokuwa naupita tu kila nikisoma. Yusufu anasikia baba yake Yakobo, ndiye Israeli, anaumwa, anawachukua wanawe Manase na Efraimu, anakwenda kumwona. Mzee yuko mwishoni mwa ile miaka yake 147, macho hayaoni vizuri. Anaambiwa, mwanao anakuja. Basi akajikaza, akaketi kitandani.

Mwaka huu nimeuona mstari huo kwa macho yangu.

Bibi yangu mzaa mama, kule Kilimanjaro, figo zake zimeshindwa. Mara 3 kwa wiki anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu, kila mara kwa muda wa saa 4, na akirudi nyumbani hataki hata kuulizwa habari. Maji anapimiwa kwa kikombe. Kubwa kuliko yote, Mchaga kaambiwa apunguze ndizi! Zina madini ya potasiamu, na figo zikishindwa kuitoa, ikizidi huweza kusimamisha moyo. Mama mdogo kajifunza kuzikata vipande vidogo, kuzichemsha, kumwaga yale maji, kisha kuzichemsha upya. Hata hivyo anampakulia kidogo tu. Siku ya kwanza Bibi alionja, akaweka kijiko chini.

"Hii ndizi imebatizwa mara mbili. Sisi Walutheri tunabatiza mara moja."

Tulicheka. Lakini miezi ikaenda na utani ukapungua. Familia tulifanya yote tuliyojua: michango, zamu za kumpeleka hospitali, mabishano yetu ya usiku kwenye WhatsApp kuhusu nani hajatuma. Walikuja na waombaji. Wengi walimfariji kweli, ila mmoja alimnong'oneza kwamba mwenye imani hahitaji mashine. Wapendwa, hapo nisiwafiche, nilimsindikiza hadi getini. Mungu wetu hahitaji Bibi aache matibabu ili aonekane ana nguvu.

Kosa langu mimi lilikuwa jingine. Nilikuwa naongea na daktari juu ya kichwa cha Bibi. Amekula nini, amelala vipi, dawa gani zimebaki, yote nayajibu mimi, naye amekaa pale pale kwenye kiti cha magurudumu. Siku moja akaniambia, "Mume wangu, siku hizi unanisemea kama marehemu."

Nikarudi kwenye Mwanzo 48. Yusufu naye alikuwa na mpango wake. Akawapanga watoto vizuri wabarikiwe, mkubwa upande wa mkono wa kuume wa mzee, mdogo upande wa kushoto. Mzee akapishanisha mikono, ule wa kuume ukawa juu ya mdogo. Yusufu akaushika mkono wa baba yake auhamishe, maana alidhani mzee kakosea. Mzee akakataa. "Najua, mwanangu, najua." Macho yamefifia, miguu haina nguvu, lakini alichokuwa nacho cha kutoa alikuwa bado anacho, na alijua anampa nani.

Sisi tulimpelekea Bibi uji, dawa, shuka safi, zaburi za kumtia moyo. Hakuna aliyekuwa amemwomba kitu tangu augue.

Kwa hiyo Jumapili moja nikampelekea binti yangu, kitukuu chake, aliyekuwa akikaribia kupata kipaimara. Nikapiga hodi, nikasema, "Shikamoo Bibi. Tumekuja kuomba baraka."

"Marahaba." Kimya kidogo. "Baraka ya nani?"

"Ya huyu."

Akaguna, akaomba kanga. Mama mdogo akataka kumnyanyua kwapani, akamsukuma kwa kiwiko. Alichukua muda mrefu. Alijivuta kwa ubavu, akapumzika, akajivuta tena, hadi mgongo ukafika ukutani. Akajifunika kichwa. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, ule uliovimba mishipa, ambao hapimwi presha wala haulalii, kwa sababu ndipo walipounganisha mshipa wa kupeleka damu na wa kurudisha ili mashine ipate pa kuvutia.

Aliomba Kichaga. Mengine sikuyashika. Nilisikia akimtaja mama yake na mama wa mama yake, nikamkumbuka Yakobo akianza na Mungu wa Ibrahimu na Isaka, Mungu aliyemlisha maisha yake yote hadi siku ile. Katikati ya maombi binti yangu alipandisha mkono, akaushika ule wa Bibi taratibu juu ya kifundo, akafumbua macho kunitazama.

"Baba," akanong'ona, "ndani kunatetemeka. Kama simu."

Ni damu inayokimbia pale kwenye maungio, ukigusa unaisikia. Bibi hakukatisha. Alimaliza, akasema amina, akabaki ameketi.

"Haya," akasema, "leteni hizo ndizi zenu za ubatizo."