Bamvua ya Watamu, mchanga wa Marafa

Januari 2017 mimi na mume wangu tulitoka Mombasa siku ya pili baada ya mwezi kuandama. Tuliichagua kwa ajili ya bamvua: siku hizo maji hupwa sana kuanzia saa nne asubuhi, na hapo ndipo visiwa vya Watamu huonekana shina. Ukifika maji yamejaa, utaona vichaka vimekaa juu ya bahari, basi.

Kilifi tuliivuka mapema, Gede tukakata kulia. Saa nne unusu tulikuwa chini ya mwamba wenyewe. Ni matumbawe yaliyokuwa hai zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Sasa mawimbi, chumvi na konokono wa baharini wameyatafuna pale maji yanapopanda na kushuka, hata kila kisiwa kikawa kama uyoga. Tazama juu, dari imejaa mifupa ya matumbawe na makombe, unaweza kuyahesabu. Lakini vaa raba za soli nene. Mwamba ule ni wembe, ndara zangu zilichanika hatua za mwanzo tu. Saa tano unusu tukageuka, maji yakianza kurudi.

Tuliswali adhuhuri Malindi, tukavuka daraja la Sabaki, tukapita Mambrui na kushika njia ya Marafa. Tulipompisha lori, gurudumu la kushoto likazama mchangani. Mume wangu akaongeza moto, likazidi kujichimbia. Dawa ilikuwa kuacha kukanyaga mafuta, kufukua mchanga mbele ya magurudumu, kutandika kapeti za gari, na kupunguza upepo wa tairi kutoka psi 32 hadi 18 ili itanuke. Gari likatoka polepole kwa gia ya kwanza. Pampu ni lazima uwe nayo: ukirudi lami na tairi laini, hupata moto na kupasuka.

Nyari, kama Wagiriama wanavyoliita bonde la Marafa, tulifika saa kumi na moja, jua limelala. Nyeupe, waridi, nyekundu ya kutu ya chuma: yote ni mchanga ulioshikana kidogo tu. Mvua huuchimba, na nguzo hubaki pale tabaka gumu lilipoukinga kama kofia.

“Mama Aisha, rudi nyuma kidogo,” mume wangu aliniita.

Mwenyeji aliyetuongoza alinionyesha kwa nini. Kijia cha zamani kilikuja mpaka ukingoni, kikaishia hewani.