Panya wa Banda la Pikapu

Gunia la saba kutoka mlangoni ndilo lililonifumbua macho. Mama watoto alikuwa amenituma nitoe debe moja la mahindi ya kupeleka mashineni. Nikalikumbatia gunia nikiwa nimejiandaa kwa kilo mia, likainuka kirahisi hata nikapepesuka. Mbele lilikuwa zima, mshono haujaguswa. Nyuma, upande ulioelekea ukutani, palikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na ndani ya tundu kiota cha karatasi zilizochanwachanwa laini kama pamba. Nikavuta kipande kimoja nikasoma mwandiko wangu mwenyewe kwa kalamu nyekundu: "Onesha njia." Ilikuwa mitihani ya hesabu ya kidato cha pili niliyoihifadhi humo bandani kwenye boksi.

Hiyo ilikuwa Oktoba 2023, hapa Mlali, wilaya ya Mvomero. Mwezi Julai tulikuwa tumeingiza magunia 22 na kila mtu akalala usingizi. Banda lenyewe marehemu baba alilijenga kwa ajili ya pikapu yake: tofali za kuchoma, bati juu, sakafu ya saruji, mlango mpana wa mbao. Pikapu ilizimika mwaka 2014, ikapandishwa juu ya mawe ili tairi zisioze. Baba akafariki 2016. Tangu hapo nusu ya banda ilikuwa gari na nusu nyingine mahindi, majembe, viti vibovu na kila kitu ambacho hakuna aliyekuwa na moyo wa kukitupa.

Usiku ule nilikaa na karatasi, maana mwalimu wa hesabu hana dawa nyingine ya hasira. Panya mkubwa wa paa hula kama gramu 15 za nafaka kwa siku. Nikakadiria wapo 40. Hiyo ni gramu 600 kwa siku, kilo 54 kwa siku 90. Nusu gunia na kidogo. Ukisikia hivyo unaweza kusema basi, na wao ni viumbe. Lakini nilipoyapekua magunia yote kesho yake nilikuta manne yametobolewa, na mahindi yanayokaribia magunia mawili yananuka mkojo kiasi kwamba hata kuku waliyaparua kwa mashaka. Anachokula panya ni kidogo. Anachokikojolea ndicho kinachokufilisi. Nikageukia hesabu ya uzazi: mimba wiki tatu, watoto sita hadi wanane kwa uzao, na binti akifika miezi mitatu hivi naye ni mama. Nikaweka kalamu chini.

Mama watoto alinicheka. Sisi tupo jirani na mji wa Morogoro, ambako pale Chuo Kikuu cha Sokoine shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. "Wenzako wanawavisha medali," akasema, "wewe wanakulia mitihani."

Kosa la kwanza nililifanya kwa haraka. Alipita kijana na baiskeli, kipaza sauti kinaimba "sumu ya panya, mende, kunguni, chawa", nikanunua vipakiti vitatu vya unga wa kijivu visivyo na jina wala maelezo. Nikachanganya na dagaa, nikatawanya bandani. Asubuhi panya watatu walikuwa wamelala nje, miguu juu, nikajiona fundi. Siku ya tatu paka wa bibi wa jirani akakutwa amekauka chini ya mpapai wetu. Dagaa mmoja alikuwa ameburutwa hadi nje ya mlango.

Nilikwenda kwa bibi mwenyewe kabla hajaambiwa na watu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa habari ya paka."

"Nisamehe bibi. Sumu niliweka mimi."

Akakaa kimya akipepeta mchele wake. Kisha akasema, "Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Bahati yako hakuwa mjukuu." Nilipokumbuka kwamba mwanangu wa miaka mitatu huchezea humo humo bandani, miguu iliniishia nguvu. Niliporudi nilifagia kila kidagaa, nikahesabu nilivyovikumbuka, nikafukia kila kitu kwenye shimo refu.

Bwana shamba wa kata, nilipomweleza, alinigombeza kama mwanafunzi. Unga usio na lebo, alisema, unaweza kuwa kiuatilifu kikali cha mashambani kilichofungwa upya kwa rejareja, na mtu akikila, daktari hajui hata aanzie wapi. Sumu zinazouzwa kihalali za kuzuia damu kuganda huua taratibu kwa siku kadhaa, na zina dawa ya kuzipunguza nguvu, vitamini K, lakini hata hizo huwekwa kwenye kiboksi maalumu ambacho kuku na mtoto hawafiki, tena si juu ya chakula. Halafu akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mwalimu, hao panya wanatoka wapi?"

Nikasema nje. Akatikisa kichwa. "Jioni chekecha majivu ya jikoni, tandaza sakafuni na juu ya ukuta chini ya kenchi. Asubuhi usome."

Kama kuna jambo moja ambalo ningependa mtu alichukue kutoka kwenye habari yangu, ni majivu. Nilitandaza kwa ungo, utando mwembamba tu, nikafunga mlango. Asubuhi niliingia na tochi nikakuta banda zima limeandikwa. Nyayo ndogo za mbele, ndefu za nyuma, na katikati mstari wa mkia unaoburuzwa. Mlangoni, ambako nilidhani ndiko wanakoingilia, hapakuwa na hata unyayo mmoja. Njia kuu ilitoka kwenye gurudumu la mbele la kushoto la pikapu, ikafuata ukuta, ikapanda kwenye nguzo. Hapo kwenye nguzo niliona kitu ambacho nilikuwa nikikipita kila siku: weusi wa mafuta, kama ule wa mlangoni penye mikono ya watu wengi. Ni manyoya yao yanapaka wanapopita kila siku mahali pale pale. Juu ya ukuta palikuwa barabara kamili, na mwisho wake magunia.

Njia ya pili, nyembamba, iliingilia pengo kati ya ukuta na bati. Nje ya pengo hilo, mpapai wa mama ulikuwa umeegemea paa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili hakunifundisha mtu. Niliona pengo, nikaita fundi, tukaziba kila kitu kwa siku moja. Nikawafungia ndani. Wiki ile walitoboa magunia mengine mawili na kuutafuna mlango kwa chini hadi ukawa na meno kama msumeno. Panya anauma na kupuliza akiwa na raha. Akiwa amefungiwa hapulizi. Ukiziba kabla ya kuwatoa unakuwa umewajengea ngome.

Basi nikafungua boneti ya pikapu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sijui mingapi. Hewa iliyotoka ilinirudisha nyuma. Nyaya za injini zilikuwa zimebaki shaba tupu. Juu ya betri kiota, chini ya boksi la chujio kiota, na kiti cha dereva, alichokuwa akikalia baba, kilikuwa shimo lenye vitoto vyekundu visivyo na manyoya. Mahindi yangu yalikuwa jikoni kwao. Nyumbani kwao ni humu.

Nilifunga boneti nikaenda kwa mama, nikizunguka na maneno kama mtu anayeposa. Nilikuwa nimejipa kazi ya kumlinda na suala la lile gari kwa miaka saba. Nikamwambia kwamba labda, kama hatajisikia vibaya, labda pikapu itoke. Mama akanitazama. "Niliwaambia tangu arobaini ya baba yenu. Wewe ndiye uliyesema utalitengeneza." Ni kweli nilisema. Nilikuwa nimesahau kwamba nilisema mimi.

Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja kutoka Morogoro mjini na vijana sita. Kabla hawajafika nilivaa glovu na barakoa, nikanyunyizia kila kiota na kila penye mavi ya panya maji yenye jiki, nikaacha dakika kumi ndipo nikagusa. Usifagie makavu, vumbi lile si la kuvuta. Mwaka 2022 wenzetu wa Ruangwa, Lindi, waliugua na wengine wakafa kwa homa ya mgunda, ambayo vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na tangu hapo sioni mkojo wa panya kama uchafu tu. Vijana walipolinyanyua gari kutoka kwenye mawe, panya walimwagika kama mbegu kutoka kwenye kapu. Watoto wa mtaa walikuwa wamejipanga na fimbo. Tuliua 17, wengine wakapanda juu ya ukuta, barabara yao ile ile.

Waliobaki tuliwatega. Nilishajaribu gundi wiki moja kabla: ikanasa mjusi, kandambili yangu, na panya mmoja aliyelia usiku kucha hadi nikaenda kummalizia mwenyewe, sitairudia. Pilipili na naftalini niliziweka pia, wakazizunguka kwa adabu. Safari hii nilinunua mitego 12 ya mbao yenye springi. Panya wa paa ni mwoga wa kitu kigeni, kwa hiyo usiku nne za kwanza sikuitega kabisa. Niliifunga kwa waya kule juu ya ukuta penye barabara, kichwa cha mtego kikiwa kimegusa njia yao, nikaweka chambo wakala bure. Chambo nacho kina siri yake: aliyezungukwa na magunia ya mahindi hatamani mahindi. Dagaa waliguswa kidogo, siagi ya karanga zaidi, lakini nazi iliyochomwa kwenye makaa, ile ya wazee wa pwani, ndiyo iliyoisha kila asubuhi. Nikaifunga kwa uzi ili isinyakuliwe. Usiku wa tano nikatega yote. Tisa. Usiku wa sita watano, wa saba wawili, kisha bila bila, kisha mmoja dume kubwa lenye sikio lililochanika. Halafu majivu yakakaa safi wiki nzima.

Hapo ndipo tukaziba kwa maana. Tundu lolote la kuingia kidole gumba, panya mdogo anapita. Matundu madogo nilijaza stilwaya ya kusugulia masufuria kisha saruji, kwa sababu saruji mbichi peke yake huichimbua kabla haijakauka. Pengo la chini ya bati tulilikaza wavu wa chuma wenye macho madogo, ule wa kuku una macho mapana mno. Chini ya mlango tukapigilia kipande cha bati, sentimita 30 kwenda juu. Mahindi yaliyosalimika tuliyaanika, tukayapepeta, tukayapanga juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kuzunguka na tochi, kwa sababu gunia la saba lilinidanganya kwa kunionesha uso peke yake.

Mpapai nao ulikatwa. Mama, aliyeliaga gari la mumewe bila kugeuka, alinuna siku mbili kwa ajili ya mpapai.

Kila Jumapili jioni natandaza majivu kidogo mlangoni na juu ya ukuta. Februari walitokea wawili, nyayo zao nikaziona siku hiyo hiyo, na mitego miwili ikatosha. Bibi wa jirani amepata paka mwingine, mweupe mwenye doa sikioni, na fidia niliyompelekea alikubali kuipokea kwa namna ya mahindi debe mbili, baada ya kuyanusa. Tunasalimiana vizuri. Ila akiniona napita na kifungashio cha dagaa kutoka sokoni, humwita paka wake ndani na kurudishia mlango.