Wafini wanatunza umeme mchangani, sisi kwenye simtanki

Kazi yangu ni kufunga sola, hapa Dodoma mjini na vijiji vya Chamwino na Kongwa. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni, "Fundi, niongeze betri ngapi?" Siku hizi nami nauliza kwanza: huo umeme wa usiku unautakia nini?

Aliyenichochea ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayesoma Tampere, Ufini. "Kaka, huku wanatunza umeme kwenye mchanga." Nikajua ananitania. Kumbe kweli. Kwenye mji mdogo wa Kankaanpää, tangu 2022, lipo tangi la chuma lenye tani 100 hivi za mchanga. Upepo ukivuma sana na umeme ukashuka bei, wanaupashia hewa, hewa inazungushwa kwenye mabomba yaliyozikwa humo hadi mchanga unafika nyuzi 500 na zaidi. Baridi ikikaza, moto ule unachemsha maji yanayopelekwa kwa mabomba ya ardhini hadi majumbani, hata kwenye bwawa la kuogelea. Tangi hilo linabeba megawati-saa 8, yaani kama uniti 8,000 za umeme. La Pornainen, lililowashwa 2025, linabeba 100.

Ukitaka kuurudisha moto huo uwe umeme, utapoteza mwingi njiani. Lakini wa nini kuurudisha? Majira ya baridi kikubwa wanachohitaji ni joto, basi wanatunza joto lenyewe.

Betri za lithiamu wanazo pia, ila zinadekezwa. Ukiichaji chini ya nyuzi 0, lithiamu inajibandika juu ya elektrodi, yaani plati ya ndani ya betri, kama utando wa chuma badala ya kuingia ndani, na hapo betri imeumia, haiponi. Ndiyo maana zinafungiwa hita.

Sisi letu ni joto. Mteja mmoja wa Kibaigwa alipanga betri zake za asidi darini, chini ya bati. Saa nane mchana ukigusa boksi linachoma kiganja. Nilipofungua vifuniko, maji yalikuwa yameshuka hadi plati zinaonekana, zimepiga weupe. Betri za namna hiyo, kila nyuzi 10 juu ya 25 zinakata karibu nusu ya umri wake. Mwenyewe analaumu duka alikonunua!

Kwa hiyo mwenye kisima akija anataka betri ili pampu ifanye kazi usiku, namkatalia. Pampu itumie umeme moja kwa moja kutoka kwenye paneli, ijaze simtanki juu ya mnara tangu asubuhi. Usiku maji yatashuka yenyewe. Mtera ni hayo hayo kwa ukubwa wake: bwawa linashika maji ya mvua ya Ruaha Mkuu, yanazungusha mitambo ya megawati 80 palepale, kisha yanateremka Kidatu kuzungusha ya megawati 204. Taa, simu na TV, sawa, hapo betri haina mbadala.

Sasa mchanga wa Wafini umenikaa kichwani. Shemeji yangu wa Msalato anafuga vifaranga, na ule upepo wa Juni na Julai unammalizia mkaa. Nimemwomba pipa moja kuukuu. Mchanga tunao bure, paneli zake mchana zinazalisha kuliko anavyotumia. Kinachonisumbua ni namna ya kuutoa moto taratibu usiku kucha bila kumbanikia kuku wake.