Kipanga wa nyuma ya nyumba: nilivyofanikiwa kumwona akiwinda

Kwa karibu mwaka mzima nilichokiona ni manyoya tu. Nafungua mlango wa nyuma asubuhi, nakuta chini ya mti duara la manyoya ya njiwa, ya kijivu, mepesi, kila upepo ukipita yanasogea kidogo kisha yanatulia. Mzoga hakuna. Damu ya kutajika hakuna. Ndege ameliwa hapa, hatua kumi na tano kutoka kitandani kwangu, nami sikusikia kitu.

Mwanzoni nilimshuku paka. Kilichomtoa paka hatiani ni unyoya mmoja wa bawa niliouokota nikaugeuzageuza mwangani. Shina lake lilikuwa zima mpaka kwenye ncha ile inayochomekwa ngozini, na juu kidogo ya ncha palikuwa na kibonyeo, kama limebanwa na koleo dogo. Paka hutafuna, shina hukatika, na manyoya hugandamana kwa mate yakatoka kwa mafungu. Ndege mwindaji huyang'oa kwa mdomo na kuyatupa pembeni huku amesimama palepale, ndiyo maana hubaki duara. Nikajua nina mgeni, na tangu hapo sikuwa na raha mpaka nimwone akifanya kazi yake.

Nilianza kwa kukosea. Nilitoa kiti nje, darubini shingoni, nikakodolea macho anga Jumamosi baada ya Jumamosi. Niliona mwewe wengi wakizunguka bila kupiga mabawa, mkia wenye panda ukipinda huku na huku kama usukani. Nampenda sana mwewe, na naona anabebeshwa lawama nyingi; hata methali ya kuku wa maskini mwisho wake ni yeye kunyakua. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya riziki yake ni mizoga, masalia na chochote kinachopatikana bila taabu. Mara moja pia nilimwona kozi, yule ambaye jamii yake inapatikana katika kila bara isipokuwa Antaktika, na ambaye akijitupa kutoka juu mwendo wake hupita kilomita 300 kwa saa. Alipita juu ya mapaa, kundi la njiwa likapasuka vipande viwili, na kabla sijainua darubini hakukuwa na kozi wala njiwa. Siku ile sikula vizuri kwa furaha. Lakini wa manyoya hakuwa yeye. Kozi anahitaji anga pana.

Wa manyoya alikuwa kipanga, ndege mwindaji aliyeumbwa kwa kuvizia. Mabawa yake ni mafupi na ya mviringo, mkia ni mrefu, na kwa hiyo anaweza kukata kona kati ya matawi ambako kozi angevunjika bawa. Hupita chini, pengine usawa wa kiuno cha mtu, upande wa pili wa uzio, halafu anauruka uzio ghafla na kuwaangukia ndege ambao hawakuwa na habari. Kona ya nyumba, gari lililoegeshwa, nguo zilizoanikwa, vyote kwake ni maficho. Miezi yote ile mimi nimeinua uso juu, yeye alikuwa akipita chini ya macho yangu.

Aliyenizindua ni binti yangu, wakati huo ana miaka sita. Tulikuwa jikoni, mlango uko wazi, shomoro wamejaa kwenye nafaka ninayowawekea na kelele zao zimejaa ndani. Akaacha kuchora.

"Baba, mbona wamenyamaza?"

Nikasikiliza. Kimya kile kilikuwa kizito, si kile cha ndege walioruka wakaenda zao. Nikasogea dirishani taratibu. Shomoro mmoja alikuwa kwenye waya wa nguo, amejibana manyoya mpaka amekuwa mwembamba kama kijiti, hatikisi hata mkia, kichwa amekiinamisha upande na jicho moja limekazia mahali. Nikalifuata jicho lile. Kwenye tawi la chini la mti jirani, karibu na shina, kipanga amekaa. Kifua chenye michirizi ya kukingama, jicho la manjano, mguu mmoja kaukunja. Nikajiuliza ni mara ngapi amekaa pale nami niko kitini natazama mawingu.

Tangu siku hiyo nikaacha kumtafuta kipanga, nikawa nawatazama ndege wadogo. Hili ndilo lililonifikisha, na mtu akiniuliza aanzie wapi, namjibu hivyo kabla ya kumtajia darubini. Wao wako uani kutwa nzima na maisha yao yanategemea kumwona mapema. Sikio likizoea, unatambua kwamba wana vilio viwili tofauti kabisa. Kuna kile chembamba cha juu, kama uzi wa sauti, "siiii", kinachoanza polepole na kuisha polepole. Hicho maana yake adui anaruka, jificheni. Na kimeundwa hivyo kwa sababu sauti ya namna hiyo ni vigumu kujua inatokea wapi, hivyo anayelia hajifichui. Halafu kuna kile cha makelele, kifupi, kikavu, kinachorudiwarudiwa. Hicho hutolewa adui akiwa ametua na amekwisha kuonekana, na sasa wanaitana waje wamzonge mpaka aone aibu ya kukaa. Kunguru ndio mabingwa wa hili. Nikisikia kunguru watatu wanne wanapigia kelele mti mmoja, naacha nilichoshika.

Jambo la pili nililorekebisha ni mahali pa kukaa. Nje nilikuwa naonekana. Nikahamia ndani, nyuma ya pazia jepesi, taa imezimwa ili chumba kiwe giza kuliko nje. Nikaweka kiti nyuma kidogo, nisigusane na kioo. Nikanunua daftari na kuandika saa: nyingi zilikuwa muda mfupi baada ya jua kuchomoza, na tena saa za jioni, lakini hazikuwa na uaminifu wa kumfanya mtu apange safari. Katika daftari hilohilo ndimo nilimogundua kwamba ninao wawili. Kuna siku alikuja mdogo, akahangaika na shomoro. Kuna siku alikuja mkubwa, akawaendea njiwa. Kwa ndege wawindaji wengi jike ndiye mkubwa, na katika baadhi ya jamii za kipanga hukaribia kumzidi dume mara mbili kwa uzito. Kumbe ni mke na mume, wamegawana uani kwangu kwa ukubwa wa mawindo.

Daftari linasema pia jambo ambalo sikulitarajia: kukosa. Mistari inayosema "amekosa" imejaa kurasa. Anakosa kwa kuonwa mapema, anakosa kwa shomoro kuzama katika kichaka chenye miiba, anakosa kwa njiwa kugeuka katika nusu sekunde ya mwisho. Siku moja alitua chini kabisa, akaingia kwa miguu ndani ya kichaka, akinyoosha mguu mmoja mrefu kati ya matawi kama mtu anayetafuta funguo chini ya kabati. Akatoka mtupu. Baada ya kuona hayo sikuweza tena kumwita katili.

Siku aliyopata, nilikuwa nimekaa kama dakika arobaini. Njiwa watano wanaokota nafaka. "Siiii" ikasikika mara moja, kutoka popote. Njiwa wakaruka wote kwa pamoja, mabawa yakipiga kama makofi, na katikati ya mpapatiko ule kitu cha kahawia kikapita usawa wa majani, kikajipindua ubavu, miguu mbele. Niliona miguu. Mirefu, ya manjano, imenyooshwa mbali kuliko nilivyodhani ndege anaweza. Wakaanguka pamoja chini ya mti, mahali palepale pa manyoya.

Kilichofuata si rahisi kukitazama. Kozi huua kwa mdomo. Ana jino dogo kwenye ukingo wa mdomo wa juu, na hukata shingo. Kipanga huua kwa miguu. Alisimama juu ya njiwa, amefungua mabawa na mkia kumfunika kama hema ili mwingine asione alichopata, na vidole vyake vikawa vinafumba na kufumbua, vinakanda, kucha zikizidi kuzama. Njiwa aliendelea kusogea. Nilisimama, mkono uko kwenye kitasa cha mlango. Sikufungua. Njiwa aliyekwisha kutobolewa namna ile haponi, na kipanga akifukuzwa atalazimika kuua mwingine mchana huohuo. Nikakaa tena. Baadaye manyoya yakaanza kuruka, moja baada ya jingine, kwa mkato mdogo wa kichwa, na duara nililokuwa nalikuta kila asubuhi likajichora mbele yangu. Alikula muda mrefu, akainuka mzito, akapotea upande wa pili wa uzio.

Kwa usumbufu niliouleta mimi mwenyewe uani, yako mambo mawili niliyoyarekebisha.

La kwanza ni vioo. Ndege anayekimbia kipanga haangalii. Huona anga kwenye kioo, hugonga. Nilimzika njiwa mmoja na chiriku wawili kabla sijaelewa. Picha moja ya ndege iliyobandikwa katikati ya dirisha haisaidii, kwa sababu wanapita pembeni yake. Nilichora vidoa upande wa nje wa kioo, kila kimoja sentimita 5 kutoka kwa mwenzake, dirisha zima. Tangu hapo sijaokota ndege chini yake. Sahani ya nafaka nikaisogeza karibu na kichaka kinene, wapate pa kuzama. Na kipanga akija siku mfululizo, naacha kuweka nafaka siku kadhaa. Ndege hutawanyika, naye huenda kujaribu kwingine.

La pili linaniuma zaidi. Nafaka inayodondoka ilileta panya, nami nikatega sumu. Jioni kulikuwa na bundi akija kukaa juu ya ukuta, na chini yake nilikuwa naokota vifundo vyeusi vya manyoya na mifupa ambavyo hutapika baada ya kumeza panya mzima. Niliroweka kimoja katika maji ya uvuguvugu na kukichambua kwa pini: mafuvu matatu madogo, meno ya machungwa bado yamo, taya nyembamba kama kucha ya mtoto. (Kipanga naye hutapika, lakini yeye hurarua nyama, na asidi ya tumbo lake huyeyusha mifupa zaidi, kwa hiyo huambulii mengi ya kuchambua.) Ndipo nikasoma jinsi sumu nyingi za panya zinavyofanya kazi: huzuia damu kuganda, na panya hafi siku hiyo. Hutembea siku kadhaa akipepesuka, rahisi kukamatwa kuliko wote, na anayemla huibeba sumu ile kwenye ini. Miezi miwili mitatu bundi hakuonekana. Siwezi kuapa kwamba mimi ndiye niliyemuua, lakini mafuvu yale nilikuwa nimeyatoa kwa mkono wangu.

Yaliwahi kuwapata kozi makubwa zaidi ya hayo. Dawa ya wadudu ya DDT ilipanda kutoka kwa mdudu hadi kwa ndege mdogo hadi kwao, ikayafanya maganda ya mayai yao kuwa membamba mpaka yakawa yanapasuka chini ya mama anayeatamia. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972, na ilipofika 1999 kozi aliondolewa kwenye orodha ya nchi hiyo ya viumbe walio hatarini. Nilipolisoma hilo nilitoa sumu yote nyumbani. Sasa nina mitego ya kubana iliyofunikwa kwa sanduku, na kila jioni nafagia nafaka iliyoanguka.

Bundi amerudi, yeye au mwingine. Kipanga wa mwaka huu wameleta kinda. Namtambua kwa michirizi ya wima kifuani, si ile ya kukingama, na kwa kuvamia bila mpango. Jana alikaa juu ya uzio, waziwazi kabisa, akiwatazama shomoro ambao nao walikuwa wakimtazama. Binti yangu, ambaye sasa hanisubiri nimwambie, alikuwa amekwisha kuzima taa na kusogeza kiti.

"Baba, njoo pole pole. Hajajua bado."