Lenzi za bei nafuu kwa picha za skii: kumbukumbu ya mradi wangu

Lengo la mradi: kupiga picha za watu wanaoteleza kwa skii na snobodi, kwa kamera ya kiwango cha kuanzia na lenzi ambazo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuzimudu. Kamera ninayo tayari, Canon yenye kihisi (sehemu inayonasa picha) cha ukubwa mdogo uitwao APS-C, na ile lenzi ya 18-55mm inayouzwa pamoja nayo; kadiri mm zinavyozidi, ndivyo lenzi inavyovuta kitu karibu. Kazi ni kuamua lenzi ipi inunuliwe kwanza, ipi ifuate, na ipi niachane nayo kabisa.

Kabla ya kununua

Mteremko una kanuni zake, na kanuni hizo zina sauti kubwa katika uchaguzi wa lenzi. FIS, shirikisho la kimataifa la michezo hii, lina kanuni 10 za mwenendo, na ya 6 inamtaka mtu asisimame mahali pembamba au pasipoonekana vizuri, isipokuwa kuna ulazima. Mpiga picha hasamehewi. Nasimama pembeni kabisa, mahali ambapo anayeshuka ananiona kutoka mbali, naye anapita mita 30 kutoka kwangu, pengine 60.

Kihisi changu kina kimo cha karibu mm 15. Mtu wa mita 1.8 akiwa umbali wa mita 30, kwa 250mm taswira yake inafika hizohizo mm 15: ameijaza fremu kutoka chini hadi juu. Kwa 55mm anabaki na mm 3.3, kama moja ya tano ya fremu, na sehemu nyingine yote ni weupe mtupu. Kumjaza kwa 55mm kungehitaji apite mita 6 au 7 tu kutoka nilipo. Kwa mtu anayeshuka kwa kasi, huo si umbali wa kuchezea. Kwa hiyo hitaji la kwanza ni urefu wa lenzi.

Sasa suala la mwanga, ambalo ndilo linalowatisha wanaoanza. Ushauri unaosikika kila mahali ni kwamba picha za michezo zinataka f/2.8, yaani lenzi yenye tundu pana la mwanga (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ni ushauri mzuri kwa ukumbi wa ndani. Theluji yenye jua ni habari nyingine, kwa sababu ardhi yenyewe inarudisha mwanga. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema kwenye jua kali weka f/16 na kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ilingane na ISO (wepesi wa kihisi kuhisi mwanga). Kwenye theluji au mchanga mweupe, f/22. Yaani ISO 100, f/22, 1/100. Fungua hadi f/5.6, umepata hatua nne (kila hatua ni mwanga mara mbili), na shata inafika 1/1600. Panda ISO 200, uko 1/3200.

Je, inatosha? Anayeteleza kwa kilomita 50 kwa saa anasogea karibu mita 14 kila sekunde. Kwa 1/250 anasogea sentimita 5 na zaidi wakati shata iko wazi, na picha inakosa ukali. Kwa 1/1600 hafikishi sentimita moja. Zumu (lenzi ya kuvuta) nafuu ya f/5.6 inalimudu jambo hilo bila kuhangaika, mradi jua lipo.

Baada ya hesabu hiyo niliifuta f/2.8 kwenye orodha, na sijutii. Canon 70-200mm f/2.8 toleo la pili lenye kiimarishi cha mtikisiko ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na kuibeba kutwa nzima ukiwa umevaa skii ni mzigo hata kwa aliye na pesa.

Lenzi ya kwanza: EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM

Imetoka 2013, ina gramu 375, na kwa kihisi cha Canon 250mm yake inaona sawa na 400mm ya kamera ya fremu kamili, yenye kihisi kikubwa zaidi. Ila kilichonivutia zaidi ni herufi tatu za mwisho. Zumu nyingi za bei ya chini zina mota ya zamani ya fokasi, inayokoroma na kutafutatafuta huku mchezaji ameshapita. Mota ya STM ni nyepesi na tulivu. Kwa michezo, ukilazimika kuchagua kati ya mota nzuri na kiimarishi cha mtikisiko, chukua mota: kiimarishi hutuliza mkono wako, hakimtulizi anayeruka, na kwa 1/1600 mkono wako hauna madhara makubwa.

Wenye Nikon wachunguze jambo hili mapema. Kamera za safu ya D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani ya bodi (mwili wa kamera), kwa hiyo lenzi kongwe za AF-D zinaingia kwenye kamera vizuri lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Na zile mpya za AF-P hazifokasi kwenye baadhi ya bodi za zamani. Bei ikikushawishi, uliza kwanza kama vinaelewana.

Nilinunua iliyotumika. Nilimulika tochi kupitia kioo kutafuta ukungu na utando wa kuvu, nikazungusha zumu kusikiliza kama kuna mchanga, nikapiga picha kwa f/5.6 na kwa f/16 kuona kama majani ya apacha (tundu la mwanga) yanajifunga bila kukwama. Vumbi kidogo ndani halina shida. Kuvu ni sababu ya kuondoka.

Siku za jua

Lenzi imefanya kazi niliyoitarajia. Kamera ndiyo inayohitaji kuelekezwa: mita yake ya mwanga inadhani dunia yote ni kijivu, na ikiona weupe mwingi inaugeuza uwe kijivu. Naongeza fidia ya mwangaza kati ya +1 na +1.7, nikiangalia histogramu (grafu ya mwangaza wa picha) isigonge ukuta wa kulia. Fokasi naiweka ya kuendelea, ili imfuate mchezaji. Kwenye kinjia cha kurukia nafokasi mapema kwenye ukingo na kusubiri, na hapo hata mota ya taratibu ingefaulu.

Kofia ya lenzi (kikinga cha mbele, si kifuniko) haitoki. Inazuia mng'ao wa pembeni na inakinga kioo dhidi ya theluji inayorushwa. Kichujio cha polaraiza, kinachokata mng'ao, nimekiacha begini; kinakula hatua moja hadi mbili za mwanga, na juu mlimani anga ya buluu inakaribia kuwa nyeusi.

Mawingu, na jioni chini ya taa

Mawingu yakifunga, mwanga unashuka hatua mbili au tatu. Nahamia ISO 800 na bado napata 1/1600. Chembechembe zinaonekana kidogo, picha inafaa.

Chini ya taa za usiku ndipo f/5.6 inaposhindwa, na hapo ndipo lenzi ya pili inajipatia nafasi: EF 50mm f/1.8 STM, gramu 160. Inapitisha mwanga karibu mara 10 ya f/5.6. Ni fupi, kwa hiyo nachagua sehemu ambayo wachezaji wako karibu na mwendo ni mdogo: foleni ya lifti, wanaojifunza chini ya mteremko, nyuso zenye barafu kwenye kope.

Kutunza vifaa kwenye baridi hakuna siri. Betri ya akiba inakaa mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kabla ya kuingia kwenye joto nafunga kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ili umande ugande nje ya mfuko na si kwenye kioo. Na lenzi sibadilishi theluji ikianguka.

Kinachofuata

Ya tatu ninayoiwinda ni EF-S 10-18mm f/4.5-5.6 IS STM, lenzi ya mwono mpana, kwa ajili ya kupiga kutoka chini ya mrukaji, mlima mzima ukiwa nyuma yake. Hiyo inataka mchezaji mzoefu, makubaliano ya wapi atapita na wapi nitasimama, na mtu wa tatu juu anayetoa ishara. Mchezaji nimeshampata. Wakati naisubiri lenzi, naendelea na 55-250 kwa shata ya 1/60, nikimfuata mtu kwa kamera ili miti ya nyuma igeuke mistari. Kwa kasi hiyo mwanga unazidi hata kwa f/16, na jua kali linanilazimisha kufunga hadi f/22 na zaidi, kwa hiyo mazoezi haya nayapeleka kwenye siku za mawingu.