Vidole vya Maalim

Saa kumi na nusu alfajiri. Muadhini hajaanza, na mimi nimeshakaa sakafuni, faili la Maalim nimelitandaza mbele yangu kama mtu anayechambua mchele. Pasipoti ipo. Picha mbili zipo. Barua ya mwaliko kutoka Ujerumani ipo. Bima ya safari ya euro 30,000 ipo. Taarifa ya benki ya miezi mitatu nayo ipo, na hiyo ndiyo iliyotutoa jasho. Maalim ana miaka 68, na fedha zake tangu ujana zimelala kwenye kasha. Akaunti tulikwenda kuifungua mwaka jana kwa ajili ya viza tu. "Wanataka kujua kama ninacho," aliniuliza siku ile, "au wanataka kujua kama benki inajua kuwa ninacho?" Sikuwa na jibu.

Mtaani wananiita mpeleka watu Ulaya. Kuna kijana aliwahi kunifukuzia Darajani, pasipoti mkononi, nimsaidie "kutoka". Dufu hajui hata linashikwa upande gani. Kazi yenyewe haina urembo huo. Nawatafutia wanamuziki wa hapa Unguja wenzao wa nje wa kupiga nao, nasimamia mikataba, mazoezi ya mtandaoni, tiketi na viza, na nahakikisha kinachotoka mwisho kina majina ya pande zote mbili. Fungu langu napata onyesho likishafanyika. Viza ikikataliwa, nauli ya boti imeshatoka mfukoni mwangu na hairudi.

Saa kumi na mbili na nusu, bandarini Malindi. Maalim ameshafika zamani, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. "Umechelewa, mwanangu." Sijachelewa. Shikamoo, marahaba, tunaingia boti ya saa moja.

Kusi inavuma, boti inaruka. Ili nisitapike, namwachia Maalim azungumze. "Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928," ananiambia kwa mara ya kumi tangu tujuane, "na hakuna aliyemtaka taarifa ya benki." Hilo la benki ni lake mwenyewe. Kisha anahamia kwenye kanuni yake, ala ya nyuzi iliyotufikia kutoka Misri enzi za Sayyid Barghash, wazee wakatia Kiswahili juu yake na ngoma za hapa chini yake. Ndiyo maana mgeni akiniandikia kwamba ana wazo jipya la kuchanganya tamaduni kwa kupitia taarab, namjibu kwa adabu tu.

Nikamkumbusha safari yetu ya kwanza ya Ulaya. Mwimbaji wetu alipiga nyimbo tatu kwenye ukumbi uliojaa, na hapakuinuka mtu hata mmoja kumtunza noti. Wamekaa kimya, mikono mapajani. Dada wa watu akarudi nyuma ya jukwaa analia: "Nimewaudhi nini?" Hakujua kwamba kule kukaa kimya ndiyo heshima, na mwisho wake walisimama wote wakapiga makofi mpaka akaona haya. Tangu hapo kwenye karatasi ya programu naweka maelezo: ukiguswa na wimbo, ruksa kupanda kutunza. Mji uliofuata alipanda bibi mmoja wa Kijerumani, noti ya euro tano ameikunja mara nne, anatembea polepole kama anayeingia kanisani. Akaitia mkononi mwa mwimbaji, akashuka. Nyuma yake wakaja kumi na moja. Niliwahesabu.

Saa nne kasorobo, Dar. Bajaji, foleni, jua.

Miadi ilikuwa saa nne na dakika kumi. Tuliitwa saa sita.

Dada wa dirishani hakuwa mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa amechoka, kama mimi. Akapitia faili ukurasa kwa ukurasa, akarudisha picha moja kwa sababu kofia ya Maalim imeweka kivuli kwenye paji. Nilikuwa na nyingine bila kofia, kwa sababu nimeshaumwa na nyoka huyo. Akapokea ada, euro 90 kwa shilingi za siku ile, hairudishwi hata ukinyimwa. Halafu akasema, "Mzee, weka vidole hapa."

Kioo cha mashine kikawaka. Vidole vinne vya kulia. Taa nyekundu. "Bonyeza vizuri, mzee." Nyekundu. Akapewa karatasi laini afute kioo, akafuta kwa uangalifu wa mtu anayefuta msahafu. Nyekundu. Kushoto, nyekundu. Kidole gumba kikapita, tukashangilia kimoyomoyo, kisha cha pili kikagoma. Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Mtu mmoja mwenye tai akasema wazee wangekuwa na siku yao.

"Binti yangu," Maalim akamwambia yule dada, "hutaona kitu hapo. Vimekwisha kwa msasa."

Ni kweli. Kanuni anapiga usiku, mchana Maalim ni seremala. Miaka 50 ya kusugua mbao za milango kwa msasa na kuokota gundi kwa kucha. Nikamshika mkono nikautazama mwangani: ncha za vidole laini kama sabuni iliyobaki kipande, hakuna hata mstari. Mtu ana saini yake kwenye milango ya nusu ya mtaa wetu, na mashine inasema hayupo.

Msimamizi alikuwa amekwenda kula. Tukaambiwa tukae pembeni. Nikatoka mbio mpaka duka la dawa, nikanunua kopo la mafuta ya mgando, na kwa mama ntilie nikaomba maji ya moto kwenye bakuli. Ujanja huu nilifunzwa na mama mmoja muuza samaki kwenye foleni ya kitambulisho: loweka, paka, pangusa, ngoja. Nikamlowesha Maalim vidole kwenye benchi la ofisi ya watu, kimoja kimoja, kama namtia hina. Alinyamaza muda wote. Nilijua ameumia, maana Maalim hanyamazi.

Msimamizi aliporudi tulijaribu tena. Vinane vikasoma. Viwili vikaandikwa havisomeki, na fomu inaruhusu, kumbe tangu saa sita ingeruhusu.

Swali la mwisho lilikuwa la kawaida yao: ana sababu gani ya kurudi nyumbani? Wanaogopa kuzamia, na siwalaumu sana, wapo waliozamia kwa mgongo wa ngoma wakatuharibia sote. Nilikuwa na barua ya familia, barua ya Baraza la Sanaa, wajukuu saba kwa majina. Maalim akaniwahi. "Nina mlango wa watu sijaumaliza. Nimeshakula kianzio." Dada akaandika. Sijui aliandika nini.

Wali maharage tuliula tumesimama.

Boti ya jioni nilitaka kulala, Maalim akataka hesabu ya malipo. Nikamweleza kodi: Ujerumani, msanii mgeni anakatwa asilimia 15 ya malipo, na juu ya kodi hiyo mchango wa mshikamano wa asilimia 5.5, jumla inakuwa 15.825. Mtu akilipwa euro 250 au chini ya hapo kwa onyesho, hakatwi. "Na huo mshikamano ni wa nini?" Nikamwambia ulianza mwaka 1991, baada ya Ujerumani mbili kuungana na gharama kuwa nyingi. Maalim akacheka mpaka abiria wakageuka. "Kumbe na wao wana kero za Muungano!" Hapo nikajua amepona. Dakika mbili baadaye alikuwa amelala, mdomo wazi, mikono yake inanukia mafuta.

Usiku sikumbuki saa vizuri. Ilikuwa baada ya Isha, kwao jua halijazama. Kikao kwa video, bando linakatika kila baada ya sentensi tatu. Kwanza mpiga piano, kijana mwema, anauliza kama kanuni inaweza "kusogea kidogo" ili ilingane na piano kwenye rasti, mpangilio mmoja wa sauti za taarab. Sauti ya tatu ya rasti inakaa katikati ya vitufe viwili vya piano, haipo pale. Nikamwambia wenye fidla wataifuata, wewe hapo pumzika. Akakubali, na nadhani alifurahi kupumzika.

Kisha mkataba. Kwenye orodha ya nyimbo, wimbo wa nne umeandikwa "mapokeo". Wimbo huo una mwenyewe. Shairi na sauti ni vya marehemu kaka yake Maalim, na mjane wake anaishi vyumba viwili kutoka kwangu. Ukishaandika mapokeo, mrabaha unakwenda kwa aliyeupanga upya, na aliyeupanga ndiye huyo ninayezungumza naye, anatabasamu. Nikasema hatusaini. Akasema ni suala dogo la kiutawala. Nikasema basi litakuwa jepesi kulirekebisha. Kimya, sikujua kama ni bando au ni yeye. Mwishowe: watazungumza na mwanasheria. Jina la marehemu nililitaja herufi kwa herufi, mara mbili, nikawangoja waandike.

Nikafunga kompyuta, nikafungua mkoba kutoa risiti. Kopo la mafuta lilikuwa humo. Sikulitoa. Alhamisi nampeleka mpiga fidla, na yeye ni fundi mwashi.