Ninavyotengeneza D10 kutoka D50 wodi ya watoto

Chupa za D10 (maji yenye glukosi, yaani sukari, asilimia 10) huadimika, D50 (ya asilimia 50) ipo karibu siku zote. Kwa hiyo mtoto akiletwa hajitambui au ana degedege, glukomita (kipima sukari ya damu) ikasoma chini ya 2.5 mmol/L (chini ya 3 kwa mwenye utapiamlo mkali), nachanganya mwenyewe.

Dozi ni mililita 5 za D10 kwa kila kilo. Kichanga ni 2 tu. Mtoto wa kilo 8 anahitaji mililita 40: D50 mililita 8, maji ya sindano 32. Wengi hutelezea hapa. Uwiano ni sehemu 1 kwa 4, si 1 kwa 5. Ukitia mililita 10 za D50 kwenye 50 za maji, umepata asilimia 8.3. Maji ya sindano yakiisha natumia D5 (glukosi asilimia 5), ila hesabu inageuka: sehemu 1 ya D50 kwa 8 za D5.

Natumia sirinji ya mililita 50. Navuta maji kwanza, kisha D50, halafu naacha hewa kidogo ndani, maana sirinji iliyojaa hadi juu haichanganyiki. D50 ni nzito kama sharubati na huzama. Naipindua juu chini hadi ile mikondo inayoonekana kuyumba ndani ipotee yote, kisha natoa hewa. Usipofanya hivyo, mililita za mwanzo zinaweza kuingia karibu na D50 tupu, yenye osmolariti (ukolezi wa chembe zilizoyeyuka) ya takriban 2,500 mOsm/L wakati damu ni kama 290. Huunguza mshipa, na ikivuja nje yake huua nyama. Ndiyo maana kabla ya kusukuma napitisha mililita 2 za normal saline (maji ya chumvi ya dripu) huku nikitazama kama mkono unavimba.

Baada ya dakika 30 napima tena. Dozi moja haidumu, kwa hiyo maziwa kwa mpira wa puani au dripu yenye glukosi hufuata mapema.

Mshipa ukikataa, sisubiri: kijiko kimoja cha chai cha sukari, kilicholoweshwa kwa tone moja au mawili ya maji, chini ya ulimi, narudia kila dakika 10 hadi 20. Akiimeza mapema, narudia mapema zaidi.

D50 inayobaki kwenye chupa iliyofunguliwa namwaga, hata kama ni nusu. Haina kihifadhi, wala siichoti kwa mgonjwa wa pili.